Mdako, Rede na Waungwana wa Baraza

Aliyepata kupita Ipole, kusini ya Tabora, pale njia ya Rungwa inapoachana na ile ya Mpanda, wakati wa alasiri, mabinti wakiwa wamekwisha kuteka maji, hakosi kuwaona wamekizunguka kishimo cha vijiwe, mmoja akirusha jiwe juu, akikomba vijiwe kwa kiganja kile kile, kisha akilidaka jiwe kabla halijagusa ardhi. Na huo ndio mdako, mchezo wa wenye subira, ambao ladha yake, kwa rai yangu, haimo katika kudaka bali katika kumshuhudia jirani akikosa.

Wa rede ni taifa jingine: wao humvurumishia mwenzao mpira wa matambara, naye yuko katikati akijaza chupa mchanga huku akikwepa, na ghadhabu zote za nyumbani huishia mgongoni mwake bila ya kadhi kuitwa.

Waungwana walioinamia bao chini ya mwembe huidharau yote hiyo kuwa ni mambo ya kitoto. Lakini juzi jiwe la mdako lilipowaangukia kwa bahati katika shimo la bao, mzee mmoja alilihesabu kuwa ni kete yake, akala nalo.