Amplifaya Inayoota Moto Kwanza

Hapa Magu mtu akinunua baiskeli ya mtumba, kazi yake ya kwanza ni kuipaka rangi, kuibandika stika na kuing'arisha spoki mpaka majirani waamini imetoka dukani. Huo ndio ustaarabu niliolelewa nao: cha zamani kijitahidi kufanana na kipya. Sasa mpwa wangu, mpiga solo wa kwaya, kaniletea sebuleni kitu cha kinyume chake. Ni amplifaya ya gitaa, mpya kabisa, bado inanuka gundi, lakini imetengenezwa makusudi ifanane na zile za Marekani za miaka ya 1950. Imevalishwa kitambaa cha rangi ya kaki yenye mistari, ina mkono wa ngozi wa kubebea, vitufe vitatu vyenye mdomo wa kuku, na namba zinazopanda mpaka 12. Ukiiweka stendi bila kusema neno, mpiga debe atakuuliza babu anasafiri kwenda wapi.

Na kweli ilisafiri. Ilitoka Mwanza kwa hiace, na konda akaitoza nauli ya mtu mzima kwa sababu imekaa kwenye siti.

"Mjomba, hii ndiyo sauti yenyewe," mpwa wangu akasema, akifuta jasho.

"Na kwako haikukaa?"

"Wapangaji wenzangu hawapendi muziki, Mjomba."

Mke wangu akajaribu kuisogeza ili afagie, ikamgomea. "Humu ndani mna nini?" Nikamwambia mna sauti. "Sauti ndiyo ina kilo kumi na ushee?" Nikamweleza kwamba uzito ni wa transfoma mbili za chuma, moja ya umeme na moja ya spika. Akaacha kufagia upande ule, na mpaka naandika haya hajaurudia.

Bei nayo tuiseme, maana inauma hata usipokuwa mlipaji. Kwa hela ile kijana angeingia mnadani akatoka na ng'ombe wawili na chenji ya soda. Ng'ombe wawili mtu anaweza kuwapeleka ukweni akasikilizwa. Hebu ajaribu kupeleka amplifaya.

Basi tukachomeka. Nikapiga swichi, taa nyekundu ikawaka, nikagonga uzi wa gitaa. Kimya. Nikagonga tena. Kimya.

"Subiri zipate joto, Mjomba."

Zipate joto nini? Akanigeuzia mgongo wa sanduku. Nyuma ni wazi nusu nzima, na ndani zimening'inia chupa tano za kioo, zinaanza kuwaka wekundu kidogo kidogo. Hizo ndizo valvu. Kila moja ina uzi unaopashwa umeme mpaka ushike moto, na bila joto hilo hakuna umeme unaoruka ndani ya chupa, wala hakuna sauti. Mwingereza John Ambrose Fleming alibuni ya kwanza mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaiongezea kipande cha kukuza sauti ndogo iwe kubwa. Mwaka 1947 ikavumbuliwa transista, ndogo, ya bei nafuu, isiyosubiri chochote. Dunia ikashukuru, ikahama. Redio zikahama, televisheni zikahama. Waliobaki nyuma ni wapiga gitaa, na sasa mpwa wangu kajiunga nao.

Mama yangu, aliyekuwa pembeni akichambua dagaa, hakuona ajabu yoyote. "Kwani ngoma za Wasukuma kule Bujora hazioteshwi moto kwanza ndipo zilie?"

"Mama, ngoma haili LUKU."

Maana hii inakula. Inatoa wati 15 kwenye spika, lakini ukutani inavuta kama mara tano ya hizo. Zilizobaki zinageuka joto, zinamwagwa sebuleni. Mtu wa Ulaya mwezi wa Januari anaweza kuliona hilo kuwa ni faida. Sisi wa kando ya Ghuba ya Speke, tunaolala madirisha wazi na mbu wakiwa mashahidi, tumelipia hita yenye tundu la gitaa.

Nikasema angalau wati 15 haziwezi kusumbua mtu. Sabufa yangu ya chini ya televisheni imeandikwa kwenye boksi wati elfu na zaidi, na ikiwekwa mwisho inakoroma tu. Mpwa akapandisha kitufe mpaka 5. Nikagonga kodi moja. Vikombe kabatini vikaitikia, kuku wakatoka chini ya gari la jirani, na mimi nikaelewa kwamba boksi la sabufa lilikuwa linasimulia hadithi. Wati 15 za valvu ni wati 15 kweli, na chumbani ni nyingi mno. Kibaya zaidi, mafundi wa hii kitu wanasema utamu wake hutoka ikipandishwa. Ukiipiga kwa adabu, chini ya 2, inasikika ya kawaida tu.

Jioni ikaja na mashahidi wengine. Wadudu wa ziwani wakiona mwanga hawaulizi ni wa nini, na mgongo wa amplifaya uko wazi. Walioingia humo waliungua kwenye chupa mmoja mmoja, na kwaya ya mpwa wangu ikafanya mazoezi yenye harufu ya samaki wa kubanika.

Kesho yake nikamwita mzee mmoja fundi redio, aliyeanza kazi enzi za redio za valvu. Alipoiona alicheka mpaka akakaa. "Hizi tulizitupa wenyewe," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Nyuma humo asiingize mtu kidole, hata ukishachomoa waya. Kapasita zinabaki na umeme wa volti zaidi ya mia tatu." Kwa hiyo sasa sebuleni kwangu kuna kitu kinachoweza kumpiga mtu shoti kikiwa kimezimwa. Watoto nimewapangia mpaka. Paka kajipangia mwenyewe: analala juu yake, penye joto.

Mzee akauliza kuhusu stabilaiza. Swali zuri. Umeme wa mtaani kwetu ikifika saa moja usiku, kila mtu akishawasha pasi na jiko, hupungua mpaka taa zinaona haya. Sabufa haijali. Valvu zinajali: uzi ukipoa kidogo, sauti inalegea, inakuwa na ukungu. Nikadhani huo ni ugonjwa. Mpwa wangu akanijulisha kwamba mpiga gitaa Mmarekani Eddie Van Halen, katika albamu ya kwanza ya bendi yake, ya mwaka 1978, alikuwa na kifaa maalumu cha kupunguza volti zinazoingia kwenye amplifaya yake ili apate mlio wake. Mtu alinunua kifaa cha kupunguza umeme! Hapa Magu tunapunguziwa kila jioni, bila kifaa na bila kuomba, na hakuna aliyetupa mkataba wa kurekodi.

Nikauliza chupa ikifa itakuwaje, maana zinachakaa, hazidumu milele. Spea ya Probox naipata kabla chai haijapoa. Spea ya hii inatengenezwa zaidi Saratov huko Urusi, Slovakia na China. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza na Urusi ikazuia bidhaa zake kadhaa kutoka, wapiga gitaa wa dunia nzima walikimbilia madukani kuweka akiba ya valvu kama watu waliosikia sukari inaadimika. Mimi niko kwenye barabara ya Mwanza–Musoma, nasubiri habari kutoka Saratov ili kwaya iimbe Jumapili.

Nimenung'unika vya kutosha. Sasa amplifaya nayo niipe haki yake. Mimi nilijifunza gitaa la rithimu kwa kutegea Radio Tanzania, nikiwasikiliza kina Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, NUTA Jazz, Tabora Jazz. Miaka ile ya 1960 karibu amplifaya zote za gitaa duniani zilikuwa za valvu, na za bendi zetu wala hazikuwa za wapigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vyombo ni vya chama, na ukiondoka unaacha gitaa, unaacha amplifaya, unaondoka na vidole vyako.

Hapo ndipo kidude hiki kiliponishika. Kinasikiliza vidole. Nilipopapasa nyuzi kwa ulaini, sauti ilitoka safi, nyembamba, kila uzi unajitaja. Nilipofika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, nikakaza mkono, bila kugusa kitufe chochote, ikaanza kukwaruza pembeni kidogo. Amplifaya ya transista ukiizidishia nguvu hukata sauti ghafla, ikatoka kelele. Valvu huikunja polepole, na mkwaruzo wake masikio yanaupokea. Ajabu ni kwamba Leo Fender, aliyeuza amplifaya za mtindo huu huko Fullerton, California, alikuwa fundi redio asiyejua kupiga gitaa. Na Jim Marshall, aliyeanza kuuza zake London mwaka 1962, alikuwa mpiga dramu. Wapigaji waliachiwa kazi ya kuzipandisha mpaka zikwaruze.

Jirani alikuja kulalamika. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, akauliza kama tunaujua mwingine wa enzi zile, tukampigia, kisha akalalamika.

Kwa hiyo, msomaji, ukishawishiwa na mpwa wako, hukumu yangu ni hii. Kama unapiga harusi na mikutano ya injili, leo Kisesa kesho Lamadi, vyombo vinapanda bodaboda na kushuka mchangani, nunua ya transista na usigeuke nyuma. Kama una stabilaiza, una mzee fundi anayekumbuka valvu, una jirani mwenye subira na mke asiyefagia upande mmoja wa sebule, chukua hii. Sauti yake haina mpinzani. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo, nunua ng'ombe.

Na wewe mpwa wangu, najua unasoma safu hii: njoo ulipe uniti za LUKU. Amplifaya yenyewe iache kwanza.