Wavulana, Chukueni Mpira Mwende

Wageni wa afya wakitoka Lodwar kuja kwetu Longech, ratiba yao naijua kabla hawajashuka. Wasichana wataitwa kivulini wafundishwe. Wavulana watapewa mpira waende ufuoni. Saa sita, jua la Turkana! Hata mbuzi wetu saa hiyo hawachezi.

Sina neno na wasichana. Tangu 2017 sheria inataka wanafunzi wa shule za umma wapewe sodo bure, na mwaka 2019 ikaja chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, kuanzia miaka 10. Wapewe, na waongezewe. Ninachouliza ni kama hizo mimba wanazoonywa huletwa na upepo wa ziwa.

Wazee wenzangu hunijibu kwamba mila itawafunza wavulana. Mila ipi? Sisi Waturkana hatutahiri, kwa hiyo hata ile nafasi ya kukaa nao jandoni hatuna. Tuna asapan, ambapo kijana humchoma dume mkuki mbele ya wazee. Mvulana wa Longech dume atalitoa wapi, na baba yake ana nyavu na madeni tu? Amchome mbuta?

Basi mwalimu amekuwa simu, pamoja na wale vijana wakubwa wa boti ambao elimu yao yote ni majigambo. Juzi nilimuuliza mmoja wa miaka kama 15 kondomu ni ya kazi gani. Akajibu bila haya: "Ya kufungia simu isiingie maji, mzee." Nikaitazama simu yake. Kavu kabisa. Nikamwomba moja.

Kijana huyu hajaambiwa kwa nini sauti yake imebadilika, wala kwamba kuamka nguo zimelowa si ugonjwa wala laana. Lakini Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inamsubiri: akishafika miaka 18 akalala na msichana wa 15, hata huyo msichana akiwa amekubali, kifungo hakipungui miaka 20. Hukumu imeandikwa, somo bado. Na Desemba 2013 mawaziri wa nchi zetu waliahidi kule Cape Town kwamba vijana watafundishwa mambo haya. Sikusikia wakisema wavulana wasubiri.

Ndugu zangu wa Lodwar, safari ijayo leteni mwanamume mmoja asiyeona haya, akae na wavulana jioni jua likipungua, ajibu kila swali. Nauli yake ya boti kutoka Kalokol nitalipa mimi. Ya kurudi atajua mwenyewe.