Sifa za Waranti ya Tochi

Malenga wamesifu bahari, wamesifu mnazi, wamesifu hata timu zinazofungwa kila Jumamosi. Kile kikaratasi kinachokunjwa mara nne na kusukumwa chini ya tochi ndani ya boksi lake hakijapata mtu wa kukitungia hata ubeti. Dhuluma hiyo naiondoa leo. Waranti ya tochi ni johari ya biashara, na anayebisha aje Dumila.

Hapa ndipo mahali pake hasa. Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma inapotupa mkono kuelekea Kilosa, pana vitunguu, nyanya, machungwa na watu wanaokimbilia madirisha ya mabasi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, muuza nyanya anahitaji tochi ya kichwani. Mikono yote miwili imeshika sado, na noti inayoteremshwa dirishani saa nane za usiku lazima ijulikane kama ni ya elfu mbili au ya elfu kumi kabla dereva hajakanyaga mafuta.

Basi ananunua ile yenye boksi zuri: mzamiaji amevaa mapezi, samaki wa rangi wanamzunguka, na chini imeandikwa “mita 100, waranti mwaka 1”. Wabishi watauliza nani anazama Dumila. Hata Mto Mkundi, ulipofurika Januari 2014, ukakata barabara kuu na kuacha familia nyingi bila makazi, haukufika kina hicho. Wabishi hao hawajui ukarimu. Kumuuzia mtu wa nchi kavu kinga ya bahari ni kumpa zaidi ya alichoomba.

Tena tochi halisi za kuzamia ndiyo ukoo mtukufu wa waranti. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 100 kioo kinabanwa mara 11. Kinachozuia bahari isiingie ni mpira mwembamba wa duara, na unywele mmoja au chembe ya mchanga juu yake yatosha kuikaribisha. Waranti inalijua hilo. Ndiyo maana mara nyingi huandika, kwa herufi za saizi ya chawa, kwamba haihusiki na maji yaliyoingia kwa sababu mteja hakuutunza mpira. Tochi ya kuzamia imelindwa dhidi ya kila kitu isipokuwa kuzamia. Unyenyekevu ulioje!

Sifa ya pili: waranti hufundisha kutunza nyaraka. Tochi ikizima, huulizwi imezimaje. Unaulizwa boksi, kadi na risiti. Risiti nazo huchapwa kwa joto kwenye karatasi ambayo joto hilohilo huifuta, na joto halijawahi kuadimika Dumila. Maandishi hupauka mapema kuliko taa. Mteja hufika dukani na karatasi nyeupe safi kama nia yake.

Sifa ya tatu: huunganisha taifa. Duka la Dumila husema mzigo ulitoka kwa wa jumla, Morogoro mjini. Wa jumla husema ulitoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa. Kariakoo husema kiwanda kiko China.

“Mama yangu, sisi tunauza tu.”

“Sasa mwanangu, hela yangu aliipokea nani?”

“Acha namba, mama. Tutakupigia.”

Kwa tochi iliyokufa, mama amezungushwa mikoa na kupata watoto wapya kila kituo. Nauli imeshapita bei ya tochi, lakini undugu haupimwi kwa nauli.

Sifa ya nne ni amani. Juu ya risiti imeandikwa “waranti mwaka 1”, chini yake “mali ikishauzwa hairudishwi”. Sentensi hizo mbili zinaishi kwenye karatasi moja bila kugombana. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki zake za waranti, na Tume ya Ushindani ipo kuisimamia. Lakini nani atapanda basi kwenda kuvunja ndoa iliyotulia hivyo?

Sitaficha kwamba ukoo huu una watoto watukutu. Mpango wa Lighting Africa, ulioanzishwa mwaka 2007 chini ya Benki ya Dunia, uliweka sharti kwamba taa ndogo ya sola haitambuliwi kuwa bora bila waranti ya angalau mwaka mmoja, na taa zenyewe zikapimwa maabara. Taa iliyopimwa ikakawia kufa! Waranti ya namna hiyo inashinda mwaka mzima kabatini bila safari wala ndugu wapya. Ni aibu kwa jamaa zake.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni yule fundi wa stendi. Anafungua tochi, anakuta waya umechomoka kwenye swichi, anagusisha lehemu, taa inawaka. Hatoi karatasi. Ikizima kesho, unamkuta kwenye kigoda kilekile na anairudia bure. Waranti haiwezi kuvumilia ushamba huo. Imeandika kabisa kwamba bisibisi ya fundi asiyetambuliwa ikigusa tochi, yenyewe inajiua papo hapo. Mtukufu hufa kabla ya kusaidia.

Wanaoielewa vizuri kuliko sote ni wazamiaji wa miamba ya Mafia na Pemba. Desturi ya kuzama usiku ni kubeba tochi mbili, maana ile ya kwanza ikizimikia chini, hakuna duka la kuirudisha. Muuza nyanya wetu amefikia hekima hiyohiyo bila kulowa. Amenunua tochi ya pili, yenye boksi zuri zaidi na waranti ya miaka miwili. Kwa mwanga wake anatafuta risiti ya ile ya kwanza. Na muuzaji, aliyeuza mbili palipohitajika moja, ndiye mtu pekee Dumila ambaye waranti haijawahi kumwangusha.