Sifa za Kufuli la Kishikwambi

Wafalme wamesifiwa, na mashujaa wamesifiwa, na majahazi yamesifiwa tangu yalipotia tanga. Lakini sijaona aliyechovya kalamu kwa ajili ya kufuli la kishikwambi, hali fadhila zake zazipita za mabawabu wote waliopata kusimama milangoni mwa masultani. Bawabu wa zamani alijua nyuso, alipokea bahashishi, na usiku ulipokuwa mrefu alisinzia. Huyu hapendelei uso, hali mlungula, wala usingizi haumpati. Mwenye mali na mwizi wakimjia bila ya nywila, huwapokea kwa insafu moja: wote wawili huwaacha nje.

Uadilifu huu ulikusudiwa. Apple iliutia katika vifaa vyake mwaka 2013, na Google ikafuata katika Android mwaka 2015, ili kifaa kilichoibwa kisimfae mwizi hata akifute chote. Mtazame fundi wa simu akijaribu kuutangua: hubana kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, hufuta picha za arusi na sauti za marehemu, hata kishikwambi kikazinduka hakina kumbukumbu, kikasalimu, kikauliza lugha, kikaomba intaneti, kisha, mwenyewe anapoanza kutabasamu, kikadai akaunti ileile ya kwanza. Kimesahau yote ila kumshuku mwenyewe.

Na ni nani mwingine afunzaye subira kwa daraja? Mwenye kurudia kukosea namba kwenye kifaa cha Apple huambiwa angoje dakika moja, kisha tano, kisha robo saa, kisha saa nzima, apate wasaa wa kukumbuka mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake na jina la mwalimu wake wa kwanza. Kadhalika hufunza kutoitegemea dunia, maana tarakimu za uthibitisho hupelekwa kwa uaminifu mkubwa kwenye laini iliyopotea zamani, ambayo huenda sasa imo mkononi mwa mtu baki.

Mahasidi wake humwita dhalimu. La, huruma anayo, ila huruma yake hukaa katika karatasi: Apple husikiliza ombi la mwenye kuleta ushahidi wa ununuzi, nayo risiti ndiyo tuliyoitupa pamoja na boksi siku ya furaha. Ama anunuaye kishikwambi kilichotumika, na muuzaji hakuiondoa akaunti yake, huyo amenunua kioo na betri.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujamlaani bawabu huyu, iandike nywila yako katika daftari la nyumbani, iondoe katika akaunti ile namba ya laini iliyokufa, na risiti uiweke palipo na hati ya nyumba. Ukifanya hayo utaendelea kumsifu kwa mbali, na kwa mbali ndipo sifa zake zinapopendeza.