Usukani Ukibisha Hodi: Mwongozo kwa Mwenye Jahazi Mkaidi

Ukisikia tezi inagonga ko, ko, ko kila wimbi linapopita, usiongeze sauti ya redio. Ni usukani unabisha hodi. Mwenye jahazi mkaidi ana majibu matatu: ataukaza kwa kamba, atapigilia msumari juu ya msumari, au atawaambia abiria kwamba chombo kizee lazima kiseme. La nne, kutengeneza rumada, yaani bawaba za usukani, ndilo ninalokutaka ulifanye, kwa sababu wale abiria wana watoto nyumbani.

Subiri bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakijaa, kisogeze chombo juu kabisa ya mchanga, kitie gadi pande zote, uyaache maji yapwe. Yatarudi upende usipende, kwa hiyo kahawa ya kijiweni ingoje.

Shika usukani kwa chini, utikise, kisha ujaribu kuuinua. Ukicheza, ufunge kamba imara kwanza ndipo uuchomoe. Mti ulionyonya maji miaka yote hiyo hauna huruma na mguu wa mtu. Sasa tazama. Rumada dume, lenye pini, liko kwenye usukani. Jike, lenye tundu, liko kwenye fashini. Pini imelika upande mmoja, tundu limekuwa yai. Hilo mhunzi atalimaliza: atajaza chuma kwa kuchomelea, kisha pini ikerezwe upya.

Ugonjwa wenyewe umejificha ndani ya mti. Chuma kinachooza huvimba, na mti unaokizunguka hugeuka mweusi na kulainika. Uchome kwa ncha ya kisu. Kikizama, acha kabisa habari ya msumari mnene zaidi kwenye tundu lilelile, maana msumari haushiki uji! Chonga sehemu yote iliyooza mpaka ufike kwenye mti mzima, upachike kipande kipya cha mti mgumu, ndipo utoboe. Na usitumie msumari. Tumia bolti inayotoka upande wa pili, yenye washa pana na nati.

Kuna rafiki atakuletea bolti za shaba, zinang'aa, bure. Mshukuru, umrudishie. Chuma na shaba vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kwa kasi. Hata kile kisichoshika kutu kina siri yake: kikifunikwa ndani ya mti uliolowa, pasipo hewa, huliwa vitobo vitobo huku kichwa cha nje kikimetameta. Rumada za chuma zifungwe kwa bolti za chuma zilizochovywa zinki, basi.

Kazi inayoharibiwa kuliko zote ni kupanga matundu. Majike yote lazima yawe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Pitisha uzi kutoka la juu hadi la chini, uuvute, uutazame kwa mbele, kisha uutazame kwa ubavu. Jike moja likipotoka kidogo tu, kana itakuwa nzito, nahodha atalaumu upepo wa kusi, na pini zitaanza kulika siku hiyohiyo. Mwambie mhunzi pini ya chini iwe ndefu kuliko za juu. Utaitia hiyo kwanza, kisha nyingine zitafuata. Bila hivyo utashindana na matundu yote kwa mpigo, maji yakiwa magotini. Mafundi wa Matondoni wamejenga majahazi kizazi baada ya kizazi. Ukiwa Lamu, mwombe mmoja aje aushike uzi huo nawe.

Matundu ya bolti yazibe kwa pamba na lami. Juu ya pini moja weka kizuizi, la sivyo siku utakayogusa fungu usukani utang'oka na kuelea zake. Safari ya kwanza nenda karibu, bila abiria, na ukirudi kaza nati zote tena, kwa kuwa mti mpya ukishalowa hujipanga.