Kila Mtu Alijua, Mpaka Mtu Mmoja Akapima

Kijiweni hakuna mtu asiyejua. Muulize mpiga debe kuhusu mfumuko wa bei, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize kinyozi kuhusu malaria, utaondoka na majina ya dawa tatu na ndevu za upande mmoja. Ubishi ni mtamu na tunaupenda. Ila wapo watu wanaousikia ubishi huo huo, kisha wanachukua mzani, saa na daftari, wanakwenda kupima. Hao ndio watafiti, na makofi tunayowapa hayatoshi. Hizi hapa tafiti saba za hisabati, uhandisi, sayansi, tiba na uchumi, karibu zote zikiwa zimefanyika Afrika Mashariki. Tunahesabu kutoka ya saba kushuka hadi ya kwanza. Agiza kahawa.

7. Kila mtu alijua: namba tasa hazina kazi mtaani

Mwaka 1940 mwanahisabati wa Cambridge, G. H. Hardy, aliandika kitabu akijivunia kwamba hisabati yake haikuwa na matumizi yoyote. Aliipenda kwa uzuri wake tu. Mwaka 1977, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walizichukua namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, wakatengeneza kufuli. Jaribu mwenyewe: 47 mara 59 ni 2773, kazi ya dakika moja. Sasa mpe jirani yako 2773 peke yake, mwambie atafute namba mbili zilizozidishwa. Utamaliza kahawa yako na yake. Zirefushe namba hizo hadi mamia ya tarakimu, na kompyuta yenyewe inanyoosha mikono. Ugumu huo umelinda miamala ya benki kwenye intaneti kwa miaka mingi. Mwanafunzi akiuliza hesabu hii itamsaidia nini, mwambie asiitupe, zamu yake inakuja.

6. Kila mtu alijua: jiko ni la fundi, profesa hana la kuongeza

Jiko la zamani la bati lilikuwa hodari wa kupasha moto kila kitu isipokuwa maharage. Joto lilitokea ubavuni, likaunguza vidole vya mpishi na kumaliza mkaa. Mapema miaka ya 1980, nchini Kenya, wahandisi walikaa pamoja na mafundi wa jua kali, wakatazama jiko la udongo la Thailand, wakapima mkaa unaoliwa na kila umbo. Kilichozaliwa unakijua: jiko lenye kiuno, bati nje, udongo wa kuchomwa ndani, matundu chini. Kiuno hicho hakikuwekwa kwa urembo, ndicho kinachoushika udongo usidondoke. Jiko hilo hula mkaa pungufu kwa asilimia 30 hadi 50. Mama lishe hahitaji kusoma ripoti, gunia la mkaa lilishamsomea.

5. Kila mtu alijua: panya ni adui wa ghala

Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya anapita juu ya safu ya matundu, na chini ya kila tundu kuna sampuli. Akihisi ugonjwa, anasimama na kukwaruza. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika kama 20, kazi ambayo mtu wa maabara mwenye hadubini huifanya kwa siku kadhaa. Jibu lake halichukuliwi hivi hivi, maabara inathibitisha kwanza, kwa sababu hata panya mwenye kipaji anakaguliwa. Mwenzao Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alipelekwa Cambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 katika kazi yake yote, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Ni panya wa kwanza kuipata, na paka wote wa Morogoro wanaombwa kuheshimu uamuzi huo.

4. Kila mtu alijua: maji ya moto hayawezi kuganda kabla ya maji ya baridi

Mwaka 1963, katika shule ya Magamba kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa yanachemshwa, yanapoozwa, ndipo yanaingia kwenye friza. Kijana Erasto Mpemba aliona nafasi inajaa, akaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakapata utani wa kudumu. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakucheka. Alirudi maabara akapima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Mpaka leo wanafizikia wanavutana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Hilo halimpunguzii Mpemba hata punje. Zaidi ya nusu karne baadaye, watu wenye shahada za kujaza ukuta bado wanachemsha maji kwa sababu ya swali la kijana wa Lushoto.

3. Kila mtu alijua: saratani na virusi havijuani

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliletewa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote, kushoto na kulia. Kisha akamwona mwingine Jinja. Madaktari wengi wangeandika "ajabu" na kuita mgonjwa anayefuata. Burkitt alianza kuandikia hospitali za Afrika, akiambatanisha picha na kuuliza: uvimbe huu mnao? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda Ford iliyokwishatumika, iliyonunuliwa kwa pauni 250, wakaendesha takriban kilomita 16,000 kupita hospitali moja baada ya nyingine. Gari hilo lilistahili uprofesa. Ramani waliyochora ilionyesha kwamba saratani hiyo inafuata joto na mvua, njia zile zile za malaria.

Mtafiti wa virusi wa London, Anthony Epstein, alimsikia Burkitt akizungumza, akaomba sampuli kutoka Kampala. Siku moja ndege iliyobeba sampuli ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na chupa ilipomfikia maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwenye haraka angeyamwaga kwenye sinki akidhani yameingia bakteria. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini: zilikuwa seli za uvimbe, hai, zinaelea. Kutokana na seli hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza mwaka 1964 kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani kwa binadamu. Kabla hujamwaga, chungulia.

2. Kila mtu alijua: ukimpa maskini pesa, atazinywa

Hii ndiyo hoja inayopendwa zaidi na watu walioshika glasi mkononi. Katika kaunti ya Siaya, Kenya, vijiji 653 viliingizwa katika utafiti, na kaya zaidi ya 10,500 zikapewa takriban dola 1,000 kila moja, bila masharti. Kijiji kipi kipewe na kipi kisipewe kiliamuliwa kwa bahati nasibu, ili kulinganisha kuwe kwa haki. Watafiti, Edward Miguel akiwa mmoja wao, hawakuishia kwa waliopewa. Walifuata pesa dukani, sokoni, kwa fundi bati na kwa jirani ambaye hakupata hata senti. Wakakuta kila dola moja iliyoingia ilizaa shughuli za kiuchumi za dola kama 2.5 katika eneo hilo, wasiopewa nao wakafaidika, na bei hazikupanda ila kidogo sana. Utafiti mwingine wa huko huko Siaya, uliochapishwa mwaka 2016, haukuona ongezeko la matumizi ya pombe na sigara. Pesa zilikwenda kwenye chakula, bati na mifugo. Ng'ombe hanyweki.

1. Kila mtu alijua: kitu cha bure hakithaminiwi

Nafasi ya kwanza naipa chandarua, kwa moyo mmoja. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana: wauziwe wananchi kwa bei ndogo, au wapewe bure? Wa bei walisema mtu asipolipa ataanika samaki juu yake. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walikwenda kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Kliniki nyingine zilitoa bure, nyingine zikauza kwa bei tofauti, ya juu kabisa ikiwa shilingi 40 za Kenya. Kisha wakatuma watu majumbani bila kuaga, watazame: chandarua kinaning'inia au kimekunjwa kabatini?

Shilingi 40 zilishusha idadi ya waliochukua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure walivitundika sawasawa na walionunua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na hoja ya bei ikakosa pa kukaa. Utafiti mwingine mkubwa ulikadiria kwamba kati ya 2000 na 2015 Afrika iliepushwa visa milioni 663 vya malaria, na vyandarua vilichangia asilimia 68. Hapo utani nauweka chini kidogo, maana nyuma ya namba hizo wapo watoto wanaokwenda shule leo.

Basi ubishi ujao ukipamba moto, uliza maswali matatu: nani alipima, alipima wapi, alipima watu wangapi? Na ninyi watafiti, tunawadai jambo moja. Mama wa Siaya aliyewafungulia mlango mkahesabu bati zake ana haki ya kujua mlichokigundua. Mrudishieni majibu kijijini kwake, kwa lugha anayoielewa.