Kompyuta Imewasha, Moto Umezimika

Aaai, jamani! Sogeeni kwenye benchi, mwenye chai ashike kikombe vizuri, maana haya ya Ndabibi hayasimuliwi kwa kusimama. Mnamjua yule kijana wa kule njia ya kupanda Eburru, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maua? Hata kama humjui, unamjua. Kila kijiji kina wake. Ameona kitu kikubwa mahali pa watu, akarudi na picha kwenye simu, na tangu siku hiyo kwao hakukaliki.

Huyu wetu alichokiona ni joto linaloongozwa na kompyuta. Hapo simlaumu, kwa sababu jambo lenyewe ni la kweli na linashangaza. Pale shamba la maua la Oserian, ng'ambo hii hii ya Ziwa Naivasha, mwaka 2003 walianza kutumia mvuke wa ardhini wa Olkaria, kutoka kisima nambari 101 walichokodi kwa kampuni ya umeme ya KenGen, kupasha maji na kuyapitisha kwa mabomba katikati ya waridi. Hekta 50 za nyumba za plastiki! Si kwamba ua linaogopa baridi peke yake. Shida kubwa ni ule unyevu wa alfajiri unaozaa ukungu kwenye majani, na joto likiukausha, dawa za kupuliza zinapungua. Sensa inapima, kompyuta inalinganisha, vali inafunguka. Hata kaboni dayoksaidi iliyotoka kisimani waliipeleka kwa mimea ili ikue. Yaani waridi linalala na bomba la maji moto miguuni, na sisi majirani zake, Julai ikifika na usiku ukishuka chini ya digrii 10, tunaingia kitandani na jaketi na soksi mbili mbili. Mtu akisonya, utamkataza?

Sasa, mama wa kijana anafuga kuku. Wale vifaranga wa siku moja wanaokuja kwa katoni yenye matundu, wanapiga kelele njia nzima. Miaka yote amewalea kwa jiko la makaa, gunia mlangoni, na kuamka usiku. Kijana akasema hapana, Mama, hiyo ni ya zamani, mimi nitakujengea kama ya kwenye maua. Shangazi yake aliye Leeds, Uingereza, alikuwa amebadilisha mfumo wa joto kwake, akamtumia thermostati yake ya zamani kwa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani. Akanunua rilei ya kuwasha na kuzima pampu, sensa ndogo na kikadi cha Arduino, akatoa kompyuta iliyopasuka pembe, akaileta shedini. Boila nayo? Pipa la lita mia mbili juu ya mafiga matatu. Bomba likaingia shedini, likazunguka chini ya maranda, likarudi kwa pipa, na pampu ndogo ikiyasukuma maji. Alitaka pipa lifungwe kabisa lisipoteze mvuke! Fundi wa welding akakataa katakata, akaacha bomba la kupumulia juu. Mungu amzidishie miaka fundi huyo, kwa sababu pipa lililozibwa juu ya moto ni bomu, na lingekuwa hatua chache tu kutoka dirisha la jikoni.

Tulienda kuona. Nani angebaki? Usiku ule stima ilikuwepo, skrini inang'aa, mstari mwekundu unapanda taratibu, vijana wanapiga picha. Watu wakasimama mbele ya kompyuta kama mbele ya televisheni siku ya fainali, wakawapa vifaranga mgongo. Ah, binadamu! Vifaranga ndio hao chini, na hakuna hata mtu mmoja aliyeinama kuwatazama.

Mzee mmoja akauliza, “Hiyo kitu imewekwa digrii ngapi?” Kijana akajibu thelathini, ndiyo mwisho wake, haizidi hapo. Mama akanyanyua uso. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka digrii 32 hadi 35, halafu unapunguza kama tatu kila wiki kadiri manyoya yanavyoota. Thermostati ya Leeds ilitengenezwa kwa ajili ya sebule ya Mwingereza anayetazama habari, haikutengenezwa kwa mtoto wa kuku wa jana. Isitoshe, sensa aliitundika ukutani usawa wa macho yake, apate kuisoma bila kuinama. Joto hupanda juu, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Juu pale pakafika thelathini, rilei ikalia tak, pampu ikasimama, na kule chini kwenye maranda bado ni baridi ya Ndabibi.

Lakini hayo ni madogo. Ngojeni ya saa nane usiku.

Mdogo wake aliachiwa kazi ya kuchochea kuni. Mtoto wa shule, ametoka kuchota maji, amekula, ameketi karibu na moto. Mnategemea nini? Usingizi ukamchukua, kuni zikaisha, pipa likapoa. Shedi nayo ikapoa, sensa ikaona, kompyuta ikaamuru: washa pampu. Pampu ikawaka, ikatii usiku kucha, ikizungusha maji baridi chini ya vifaranga na kunyonya hata lile joto kidogo walilolipata jioni. Kompyuta iliwasha kila kitu ilichoweza kuwasha. Moto haukuwa mkononi mwake.

Mama aliingia alfajiri. Kwenye skrini kuna maandishi ya kijani, PAMPU: IMEWASHWA, na chini yake grafu safi, imenyooka. Kwenye kona, vifaranga wamerundikana mlima mzima, kila mmoja akitafuta kuingia katikati, na wa chini wameshakufa kwa kukanyagwa. Kijana akasema, “Lakini Mama, angalia, mfumo ulifanya kazi.” Mama akamtazama, akasonya msonyo uliosikika hadi barabarani. “Haya. Peleka hiyo grafu sokoni Naivasha, uniletee pesa ya layers.”

Woi! Na mnajua kinachoniuma? Hiki kitendawili kilishateguliwa kabla babu wa babu zetu hajazaliwa, na kiliteguliwa kwa ajili ya kuku. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mholanzi mmoja, Cornelis Drebbel, alitengeneza tanuri la kuangulia mayai linalojiongoza lenyewe. Joto likizidi, kimiminika ndani ya chombo kinatanuka, kinasukuma zebaki, zebaki inainua kijiti kinachoziba tundu la hewa, na moto unapungua. Likishuka, tundu linafunguka, moto unachangamka. Drebbel alikamata moto wenyewe. Hata kule Leeds kwa shangazi, thermostati inagusanisha nyaya mbili tu, na boila ya gesi iliyo ukutani inawasha mwali wake bila kumwamsha mtoto yeyote. Na kule kwenye maua, kisima cha mvuke hakilali, hakisubiri mtu aongeze kuni. Kijana wetu alichukua skrini, akaacha kisima.

Usiku uliofuata, kwa hasira, akarudisha jiko la makaa ndani ya shedi, akaziba kila upenyo, akalala humo humo na vifaranga akiwalinda. Hapo sicheki tena. Moshi wa makaa yaliyoshika hauonekani, kaboni monoksaidi haina harufu, na kila msimu wa baridi nchi hii inazika watu waliolala na jiko chumbani. Mama ndiye aliyeamka kukojoa, akamwita, hakujibiwa, akavunja mlango. Kijana alitoka akitapika, kichwa kinampasuka, lakini alitoka. Kuanzia siku hiyo jiko halilali tena ndani.

Fundi wa welding na yule mzee walirekebisha kazi kwa mchana mmoja. Sensa wakaishusha hadi usawa wa mgongo wa kifaranga, juu kidogo ya maranda, na thermostati ya sebule wakaitupa, wakaweka ya mashine ya kuangulia inayopanda hadi arobaini. Kwenye pipa wakafunga sensa ya pili, kwamba maji yasipokuwa moto pampu haiwaki, hata ikiamriwa na nani. Maji yakipoa, king'ora kinalia chumbani kwa Mama. Pipa likazungushiwa udongo na majivu lishike joto hadi asubuhi. Kompyuta bado ipo, lakini kazi yake sasa ni kuandika tu, na ikizimika hakuna kifaranga anayejua.

Na mvuke uko juu yetu hapa, jamani! Eburru watu wamekuwa wakiutega kwa mabomba ya kawaida, unapoa, wanapata maji ya kunywa, na tangu 2012 KenGen ina mtambo wake wa megawati mbili na nusu pale pale mlimani. Menengai nako kampuni ya mvuke ya GDC wameshaonyesha kwamba mvuke unaweza kupasha nyumba za mimea, mabwawa ya samaki na maziwa. Wenye kaunti, wenye kampuni, mnatusikia? Bomba moja la maji moto lingeteremka hadi kituo cha Ndabibi, mama huyu angelala.

Mpaka lifike, wewe mwenye katoni ya vifaranga jioni hii, inama uwatazame. Wakirundikana wanahisi baridi, wakikimbilia ukutani na kutweta wamezidiwa na joto, wakitawanyika wakila wako sawa. Shusha sensa, acha upenyo wa hewa, na jiko likiwa ndani, wewe usilale humo.